Deni la mtu mwingine kwa jina lako: mwongozo kamili wa kujilinda kwa wakazi wa Arusha na Moshi

Hapa kwetu mtu akitaka kukopa kwa jina lako hana haja ya kukuibia pochi. Anatafuta vitu viwili vikutane: namba yako ya NIDA na kidole chako. Vikikutana dakika moja tu chini ya mwavuli wa kusajili laini, anaondoka na laini yenye jina lako kamili, na kwa laini hiyo anafungua mengine yote: akaunti ya pesa kwenye simu, mkopo wa papo kwa papo, programu za mikopo, na utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ambao ukifuatiliwa, jina linalotokea ni lako.

Nina duka la steshenari na uwakala wa pesa Kilombero, Arusha, kwa hiyo haya nayaona nikiwa upande wa kaunta. Wengi wakisikia wizi wa utambulisho hukimbilia kubadilisha neno la siri la Facebook. Si vibaya, ila mimi ningeanza na laini.

Hatua ya kwanza: jua kuna laini ngapi kwa jina lako leo

Piga *106# kwenye simu yako. Menyu hutofautiana kidogo kati ya mtandao mmoja na mwingine, lakini tafuta pale panapohusu namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kisha uingize namba ya NIDA ukiombwa. Zitakuja namba zilizo chini ya jina lako. Chukua kalamu uziandike, kwa sababu ukifunga skrini zimepotea na kumbukumbu hudanganya. Pembeni ya kila namba andika inatumiwa na nani: yangu, ya mama, ya mashine ya luku ya duka, ya kijana aliyekuwa anauza vocha kwangu akaondoka.

Rudia zoezi hilo kwenye kila mtandao ulio na laini yake. Halafu usisahau mitandao usiyoitumia kabisa. Kama tangu uanze kumiliki simu wewe ni mtu wa mtandao mmoja, hutawahi kuona kilichosajiliwa kwa jina lako kwingine, na mwizi mwenye akili analijua hilo. Siku ukipita mjini, ingia kwenye duka rasmi la mtandao huo, toa kitambulisho, uliza kama kuna namba yoyote kwa jina lako. Ni swali la kawaida, wamelizoea.

Namba usiyoitambua ikitokea, usiipigie kumtukana aliye nayo. Nenda duka rasmi la kampuni husika, si kwa chalii wa mwavuli, uweke kidole, useme laini hii siitambui naomba iondolewe kwenye jina langu. Kabla haijaondolewa omba wakuambie ilisajiliwa tarehe gani, uandike. Tarehe hiyo itakusaidia sana mbele ya safari kama kuna mkopo ulichukuliwa kupitia hiyo laini.

Kuna jambo la kifamilia hapa linalosahaulika. Laini ya mama aliyeko Marangu imesajiliwa kwa jina la mjukuu, laini ya baba iko kwa jina la shemeji, kwa sababu mwaka 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa Januari 20, wengi walikuwa hawajapata namba ya NIDA na kila mtu akajishikiza kwa jirani. Hali ile ilieleweka. Lakini mwenye jina ndiye mwenye laini, na siku mkigombana au yeye akikopa, hela ya mama iko mashakani. Mama akishapata NIDA yake, mpeleke dukani laini ihamie kwake.

Hatua ya pili: kidole chako chini ya mwavuli

Hapa ndipo ningetaka usome taratibu.

Umefika Stendi Ndogo au pale Mbuyuni, Moshi, unataka laini mpya. Chalii anakuuliza namba ya NIDA, anaiandika kwenye simu yake, anakupa kile kifaa kidogo chenye taa uweke kidole. Unaweka. "Daah, haijashika, futa jasho kwanza, weka tena." Unaweka. "Mtandao leo unasumbua, braza, jaribu kingine." Mara ya tatu inakubali, unapewa laini moja, unashukuru, unaondoka.

Mara nyingi kweli mtandao unasumbua, na vidole vya watu wanaolima au kufua kila siku husomeka kwa shida. Ila hivyo hivyo ndivyo laini ya pili inavyopatikana. Kidole cha kwanza kimesajili laini aliyoiweka mfukoni, cha pili kimesajili yako. Wewe umeona taa tu, hujaona skrini.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, kama unaweza kufika duka rasmi la kampuni, fika. Pana foleni lakini mhudumu anajulikana kwa jina na kazi yake iko hatarini akikosea. Pili, ukilazimika kusajili mtaani, omba uione skrini kabla ya kila mara unapoweka kidole. Asiyetaka uione skrini, muache na laini yake. Tatu, kidole kikikataliwa mara mbili, simama, piga *106# hapo hapo ukiwa umesimama naye. Usione haya. Akikasirika, umejifunza jambo. Nne, rudia *106# kesho yake, maana usajili mwingine huchelewa kuonekana.

Na usikubali kusajili laini kwa kidole chako kwa ajili ya mtu "aliyesahau kitambulisho nyumbani", hata akikupa elfu tano ya soda. Jina litakuwa lako kwa lolote atakalofanya nayo.

Hatua ya tatu: kopi za kitambulisho

Chukua kitambulisho chako cha taifa, tazama namba yenyewe. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Sasa jiulize namba yako ya siri ya pesa kwenye simu ni ipi. Kama ni mwaka wako wa kuzaliwa, kila uliyewahi kumpa kopi ya kitambulisho umempa na namba ya siri. Ibadilishe leo, kabla hujamaliza kusoma. Usiweke mwaka wa mtoto pia, wala 1234.

Mji wetu unakula kopi kuliko miji mingi. Mwongoza watalii wa kujitegemea anapeleka kopi ya NIDA na leseni kwenye kampuni moja wiki hii, nyingine wiki ijayo. Mpagazi anapiga picha kitambulisho anakitupia kwenye kundi la WhatsApp la safari lenye watu mia mbili ambao hawajui hata nusu yao. Mpangaji anampa dalali. Mwanachama wa kikoba anampa katibu. Huwezi kuacha kutoa kopi, maisha hayaendi. Unachoweza ni kuifanya isitumike kwa jambo lingine.

Kwenye kopi yenyewe, katikati, juu ya picha na maandishi lakini bila kuficha namba, chora mistari miwili ya mshazari kama hundi inavyopigwa mistari, na ndani yake andika kwa kalamu ya wino: "Kwa ajili ya mkataba wa pango, Sakina, tu" na tarehe. Kwa ile ya kutuma kwa simu, piga picha ya hiyo kopi iliyoandikwa, ndiyo utume. Kitambulisho kitupu kisiingie kwenye simu ya mtu. Mpokeaji halali hana tatizo na maandishi hayo. Na usitume kwenye kundi. Mtumie mhusika peke yake.

Sasa upande wetu wa kaunta. Ukiskani kitambulisho kwenye steshenari, faili linabaki kwenye kompyuta ya duka. Mwenye duka mwema hulifuta jioni, mwenye haraka analiacha miezi. Mwambie alifute ukiwa umesimama, na alitoe hata kwenye pipa la takataka la kompyuta, maana kufuta mara moja hakutoshi. Kama ulituma faili kwa WhatsApp ukafungua akaunti yako kwenye kompyuta yake, fungua simu yako, nenda kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ukiondoe. Barua pepe nayo, hakikisha umetoka.

Kopi iliyoharibika pia ni yako. Iliyotoka nyeusi, iliyokatwa kichwa, iombe uende nayo au uichane. Karatasi za steshenari huishia kufungia karanga, na karanga hizo zinauzwa stendi. Nimewahi kununua karanga za mia tano zikiwa zimefungwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu, namba ya ingizo na kila kitu.

Ukipoteza kitambulisho chenyewe, toa taarifa polisi upate ripoti ya upotevu. Siku hizi inaombwa hata kwa mtandao wa Jeshi la Polisi na ada yake hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Ripoti hiyo itakusaidia NIDA unapoomba kadi nyingine, na ina tarehe inayoonyesha kuanzia lini kadi haikuwa mkononi mwako.

Hatua ya nne: funga simu yenyewe

Haya ni mafupi, yafanye kwa mkupuo mmoja jioni ukiwa umetulia.

Weka namba ya siri ya laini, ile inayoombwa kila simu inapowashwa. Wengi wana namba ya kufungua skrini wakadhani inatosha. Kibaka wa Soko Kuu akichukua simu hahangaiki na skrini. Anatoa laini anaiweka kwenye kitochi, na ujumbe wote wa uthibitisho wa benki unaingia huko. Kabla ya kuweka, tafuta kadi ya plastiki iliyokuja na laini, ina namba ya PUK ya kuifungulia ukikosea mara nyingi. Ukiwa huna, waulize huduma kwa wateja kwanza.

Piga *#21# uone kama simu zako zinahamishiwa kwa namba nyingine usiyoijua. Ukikuta hivyo, ##002# huondoa uhamisho wote. Matapeli humwambia mtu "piga nyota ishirini na moja nyota namba fulani alama ya reli upate zawadi", na kuanzia hapo simu zake zinaingia kwao, ikiwemo ile ya kusomewa namba ya uthibitisho ya WhatsApp. Kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba sita za siri. Namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe usimpe mtu, hata kama ombi limetoka kwenye simu ya mwalimu wa kwaya. Huenda yake imeshaibwa.

Anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja wa mtandao kwa namba ya kawaida ni tapeli. TCRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, imekuwa ikisema mara kwa mara kuwa mitandao hupiga kwa namba 100 tu. Na hata huyo wa 100 hana ruhusa ya kukuuliza namba ya siri. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, halafu fuata maelekezo yatakayokuja ya kutaja namba iliyokutumia.

Watumishi wa umma, hasa walimu, mna tundu lenu. Maafisa mikopo wanaozunguka mashuleni wanaomba cheki namba na neno la siri la ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi, "ili nikusaidie kujaza". Kwa hilo neno la siri mtu anaweza kuomba mkopo unaokatwa kwenye mshahara wako kabla hujauona. Ajaze mbele yako, wewe ukiandika neno la siri kwa mkono wako, na ulibadilishe akiondoka.

Hatua ya tano: programu za mikopo

Kausha damu ya mtaani, ile mikopo ya riba ya kuumiza, unaijua sura. Ile ya kwenye simu inakuja na picha ya msichana anayetabasamu, inaomba kitambulisho, picha ya uso, na ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu. Ukishakubali, wana vya kutosha kumtengeneza wewe mwingine, na ukichelewa siku moja shangazi yako wa Machame anatumiwa ujumbe kuwa wewe ni mwizi.

Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Tangu hapo majina mapya yameendelea kuchipuka, kwa hiyo usitegemee orodha ya zamani. Kabla ya kuomba, tafuta jina la kampuni yenyewe, si jina la programu, kwenye orodha ya wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Lisipoonekana, usiwape hata jina.

Kama tayari uliwapa, kufuta programu peke yake hakufuti walichochukua. Kwanza ingia kwenye mipangilio ya simu uondoe ruhusa ya majina, picha na ujumbe, kisha ndipo ufute. Halafu waandikie, kwa barua pepe ili ibaki ushahidi, ukitaka taarifa zako zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa nguvu hiyo, na wasipojibu unalalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hatua ya sita: laini ikizimika ghafla

Simu imeandika hakuna huduma, wenzako wa mtandao huo huo wana mtandao kamili. Usingoje "labda itarudi". Inawezekana mtu amehamishia namba yako kwenye kadi nyingine iliyo mkononi mwake.

Azima simu ya mtandao ule ule, piga 100, waambie wafunge laini na akaunti ya pesa. Ukiazima ya mtandao tofauti, 100 itakupeleka kwa kampuni nyingine na dakika zinakwenda. Simu ya pili iwe kwa benki, wafunge huduma ya benki kwa simu na kadi. Ya tatu kwa mtu mmoja wa familia atangaze kwenye makundi kuwa asitumiwe mtu hela kwa jina lako. Ndipo uende duka rasmi na kitambulisho, urudishiwe laini yako, na uombe taarifa ya miamala ya siku hizo.

Polisi nenda siku hiyo hiyo, upate namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Anayeandika maelezo akidhani ni ugomvi wa kudaiana, mweleze kwa utulivu kuwa mtu amejifanya wewe kwa njia ya mtandao, jambo ambalo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imelifanya kosa katika kifungu cha 15, na uombe lifike kwa wapelelezi wa makosa ya mtandao. Nenda na picha za skrini zilizochapwa. Karatasi mezani inasikilizwa kuliko simu inayozungushwa mkononi.

Hatua ya saba: unadaiwa mkopo usioujua

Kwa wengi hili hujitokeza siku wanapoomba mkopo halali benki wakaambiwa "una deni kwingine". Benki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na kampuni zenye leseni ya kutunza taarifa za mikopo, mojawapo Creditinfo Tanzania, huziuza kama ripoti kwa wakopeshaji. Nawe unaweza kuomba ripoti yako mwenyewe. Iombe hata kama huna shida, hasa kama *106# ilikuonyesha laini ya ajabu.

Ukikuta deni la uongo, kuna jambo moja ambalo watu hulifanya kwa nia njema na linawaumiza: wanalipa. "Ni elfu arobaini tu, nimalize usumbufu." Ukilipa umesaidia kuthibitisha kuwa deni ni lako, na kesho litakuja la laki nne. Usilipe, usiahidi kulipa kwa simu, usiseme "nitaangalia". Sema unakanusha na utaandika. Kisha andika:

"Yah: Kukanusha mkopo namba ____

Mimi (jina kama lilivyo NIDA) nakanusha mkopo tajwa wa shilingi ____ unaoonekana kwa jina langu tangu tarehe ____. Sikuuomba, sikusaini mkataba wake wala sikupokea fedha zake. Laini namba ____ iliyotumika siitambui, na nimeripoti Polisi kwa RB namba ____ ya tarehe ____. Naomba mnipatie nakala ya mkataba na uthibitisho wa namba au akaunti iliyopokea fedha. Msitishe madai na riba wakati mnachunguza. Na mrekebishe taarifa mliyopeleka kwenye kanzidata ya mikopo. Nasubiri majibu kwa maandishi."

Ipeleke mwenyewe nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo. Bila muhuri ule, wiki mbili baadaye utaambiwa hawajawahi kuiona. Kipengele cha akaunti iliyopokea fedha usikiondoe: hela iliingia mahali fulani, kwa mtu fulani, na mkopeshaji akilazimika kuitaja namba hiyo, hadithi nzima hubadilika.

Kopi zingine zipeleke kwa kampuni iliyotoa ripoti ya mikopo, na kwa mtandao wa simu kama laini ilihusika. Mkopeshaji akikaa kimya au akikataa bila sababu, peleka malalamiko Benki Kuu, ambayo ina tawi Arusha; watakuuliza kwanza kama ulianzia kwa mkopeshaji, ndipo muhuri wako unapofanya kazi. Kwa masuala ya laini, ofisi ya TCRA ya Kanda ya Kaskazini nayo iko Arusha, na watu wa Moshi wanahudumiwa hapo.

Kama fomu ya mkopo ina barua ya serikali ya mtaa, omba uione. Nenda nayo kwa mtendaji wako, afungue daftari lake. Barua isiyo kwenye daftari, au muhuri wa mtaa usioishi, ni ushahidi wa bei rahisi na mtendaji anaweza kukuandikia kuwa hakuitoa.

Deni likiondolewa, usiridhike na kauli ya simu. Dai barua inayosema mkopo haukuwa wako na umefutwa. Kisha omba tena ripoti ya mikopo kabla hujajaza fomu nyingine yoyote, kwa sababu mkopeshaji anaweza kusafisha vitabu vyake huku taarifa ya zamani ikiendelea kuonekana kwa wengine. Ikiwa bado ipo, iambatishe na barua ile uirudishe kwao wairekebishe.